Mbona Rosa Hakumpisha?

Binti yangu ana miaka sita, na kitabu kwake ni kitu cha kuhojiwa. Usiku ule tulikuwa kurasa za katikati: Rosa Parks, yule mwanamke Mweusi wa Marekani, kakaa kwenye basi, mkoba mapajani, miwani usoni, dereva kamsimamia. Mimi nasoma Kiingereza kwa macho, mdomo unatoa Kiswahili, kwa sababu mama yangu, aliyekuja Ohio kututembelea, alikuwa amejinyoosha upande wa pili wa kitanda na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Nikasoma: dereva akamwambia Rosa anyanyuke, ampishe yule bwana akae. Rosa akakataa.

Mtoto akaweka kiganja juu ya ukurasa nisiugeuze.

"Baba, mbona hakumpisha? Si ulisema mtu mzima akiingia tumpishe?"

Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Mjibu sasa. Umemfundisha mwenyewe."

Ni kweli nilimfundisha. Tulipokwenda likizo Dar mwaka juzi nilimnyanyua kwenye siti ya daladala ya Mbagala, kwa sababu mzee mmoja alipanda na kapu la samaki na vijana wote ghafla wakaanza kutazama dirishani. Kwetu mtoto ni wa kupakatwa, akikua kidogo ni wa kusimama. Unampisha mzee, unampisha mjamzito, unampisha mwenye mtoto mgongoni, na usipofanya hivyo kuna abiria atakusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva. Neno lile lina adabu yote ndani yake. Na mimi, kwa Kiswahili changu safi, nilikuwa nimemgeuza Rosa Parks kuwa mtu asiyelelewa.

Nikafunga kitabu. Nikamwambia nitamjibu kesho, jibu ambalo yeye hulipokea kama mwenye duka anavyopokea deni.

Kesho yake, saa ya chakula, nilikaa garini na simu nikasoma nilichodhani nakijua. Mabasi ya Montgomery, Alabama, mwaka 1955 yalikuwa na utaratibu wake. Viti 10 vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata kama ndani hamna Mzungu hata mmoja. Mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, kisha mara nyingi akatakiwa ashuke, azunguke, apandie mlango wa nyuma, na dereva mwenye kisirani aliweza kuondoa basi mtu bado yuko chini. James Blake, dereva wa siku ile ya tarehe 1 Desemba, alikuwa amewahi kumshusha Rosa mwaka 1943 kwa sababu ya mlango huohuo. Kumbe walikuwa wanajuana.

Na siku ile Rosa hakukaa kwenye viti vya Wazungu. Hili nilikuwa silijui, na vitabu vya watoto nilivyokwishasoma havikunisaidia kulijua. Alikaa safu ya kwanza ya sehemu ya kati, ambako Mweusi aliruhusiwa kukaa ilimradi hakuna Mzungu aliyesimama. Mbele kukajaa, akabaki mwanamume mmoja Mzungu amesimama. Mmoja. Lakini utaratibu haukuruhusu Mzungu na Mweusi wakae safu moja, kwa hiyo dereva akawataka watu wanne wanyanyuke ili huyo mmoja akae. Mwanamume aliyekuwa dirishani karibu na Rosa akanyanyuka. Wanawake wawili wa upande wa pili wakanyanyuka. Rosa akajivuta, akasogea dirishani.

Usiku nilipanga mito minne kitandani, nikaweka mdoli juu ya kila mmoja, na dubu akawa yule abiria aliyesimama. Nikaondoa midoli yote, nikamkalisha dubu. Binti akaangalia ile mito mitatu iliyobaki mitupu.

"Sasa si wakae?"

"Hawaruhusiwi kukaa safu yake."

"Hata kama hakuna mtu?"

"Hata kama hakuna mtu."

Akafikiri. Kiswahili chake ni cha Ohio, kinachechemea, lakini kilifika. "Hiyo sio kupisha, Baba. Hiyo ni kufukuzwa."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuudhi kwenye maktaba yetu. Kila Februari, mwezi ambao Marekani huutenga kwa historia ya Wamarekani Weusi, wanapanga meza mlangoni: Rosa, Martin Luther King, Ruby Bridges, Harriet Tubman, majalada yanang'aa. Nasimama pale nafungua kimoja kimoja kutafuta mambo mawili. La kwanza, kama wamempa Rosa mvi. Alikuwa na miaka 42 siku ile, mdogo kuliko mimi, lakini wachoraji wengine wanampa nywele za bibi na mgongo wa kuinama. La pili, kama alikuwa "amechoka". Alikuwa msaidizi wa fundi cherehani kwenye duka kubwa la nguo, basi kitabu kinakuambia miguu ilimuuma, kutwa nzima kashona, hakuweza kunyanyuka. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba hilo si kweli, hakuwa amechoka mwili kuliko siku nyingine yoyote. Alichokuwa amechoka nacho ni kukubali kuonewa.

Kiswahili kingewasaidia hapo. Nimechoka anasema aliyetoka kulima, na nimechoka anasema mke anayefunga virago kurudi kwao. Huyu wa pili hakuna anayemshauri akalale kidogo.

Rosa alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Miaka mingi kabla ya basi alikuwa akikusanya ushahidi wa watu waliopigwa na wanawake waliobakwa. Majira ya joto ya mwaka uleule alikwenda Tennessee kwenye mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander. Na miezi tisa kabla ya siku ya Rosa, tarehe 2 Machi, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kunyanyuka kwenye basi la mji huohuo, akaburutwa na polisi hadi chini. Viongozi wakaona huyu bado mdogo, si wa kumjengea kesi. Lakini kesi iliyokuja kuizika ile sheria mahakamani mwaka 1956 haikuwa ya Rosa. Ilikuwa ya wanawake wanne, na Claudette mmoja wao. Claudette huyu utamkuta kwenye ukurasa wa nyuma kabisa, herufi ndogo, sehemu ya wazazi.

Najua, kurasa ni 32 tu. Ndiyo kawaida ya vitabu hivi, kutokana na namna karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani. Ukitoa jalada la ndani na ukurasa wa jina, mwandishi anabaki na nafasi ya kusema mambo machache sana. Namhurumia. Lakini katika hayo machache, kwa nini nafasi ya miguu kuuma ipatikane na ya katibu wa chama ikosekane?

Darasani kwa binti yangu walipewa karatasi ya kujaza: "Rosa alikuwa ______." Yeye akajaza kwamba alikasirika. Ilirudi na duara jekundu. Sikwenda kugombana, mgeni hagombani na shule ya mtoto mwezi wa pili. Nilimwandikia mwalimu barua fupi, naye akanijibu kwa upole kwamba karatasi zile huletwa tayari zimechapwa. Karatasi ile nimeitunza. Duara limechorwa vizuri sana.

Mama ndiye aliyenifundisha kusoma vitabu hivi. Kwa kuwa maneno hayampi kitu, anasoma picha, na hana haraka. Tulikuwa na kitabu chenye ule mchoro maarufu wa Norman Rockwell wa mwaka 1964: mtoto wa kike Mweusi, gauni jeupe, anatembea kati ya wanaume wanne wa serikali wenye suti na vitambaa mkononi. Ukutani nyuma yake kuna tusi limeandikwa, na nyanya iliyorushwa imepasuka inatiririka. Huyo ni Ruby Bridges, miaka sita, New Orleans, Novemba 1960, anakwenda darasa la kwanza shule ya William Frantz, iliyokuwa ya Wazungu watupu.

Mama alikishika kitabu mbali na macho, miwani aliiacha chumbani.

"Huyu ana mtu nyumbani," akasema. "Tazama gauni, limetiwa wanga, limepigwa pasi. Soksi nyeupe, viatu vyeupe. Rula ameshika." Akanyamaza. "Hawa wanaume mbona hawana vichwa?"

Kweli, Rockwell aliwakata mabegani. Nikaanza kueleza kwamba mchoraji alitaka tumwone mtoto, urefu wake, na kadhalika. Mama hakuwa ananisikiliza.

"Na mama yake yuko wapi?"

Nimeuona mchoro ule labda mara mia na sijawahi kuuliza. Mtoto wa darasa la kwanza siku ya kwanza anapelekwa na mtu, hilo Same kwa kina Mama, Montgomery na New Orleans wote wanalijua. Na alipelekwa. Lucille Bridges, mama yake, alikuwa naye kwenye gari na aliingia naye shuleni. Siku hiyo nzima walikaa ofisini kwa mkuu wa shule, wanatazama wazazi wa Kizungu wakija kuwatoa watoto wao. Nje kulikuwa na umati, na ndani ya umati mtu ameweka mdoli mweusi kwenye jeneza dogo. Ruby mtu mzima amesimulia kwamba matusi hakuyaelewa, ila mdoli ule ulimtisha.

Nikawasimulia yaliyobaki nje ya fremu. Baba yake Ruby alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta. Babu na bibi yake Mississippi wakatimuliwa kwenye shamba walilokuwa wakilima. Jirani mmoja akampa baba kazi nyingine. Wengine wakalinda nyumba, wengine asubuhi wakatembea nyuma ya gari la maaskari hadi shuleni. Mwaka mzima Ruby alifundishwa peke yake na Barbara Henry, mwalimu Mzungu aliyetoka Boston, wawili tu na madawati matupu.

"Basi hao majirani ndio wangechorwa," Mama akasema. Akampa mjukuu kitabu. "Mke mwenzangu, wachore wewe."

Akawachora kweli, kwenye karatasi ya nyuma ya bili ya umeme: gari, na nyuma yake watu wengi sana wenye vichwa vikubwa.

Mwaka 2021 kundi la wazazi wa wilaya moja ya Tennessee lililalamikia vitabu vya namna hii, kimojawapo cha Ruby mwenyewe. Moja ya hoja ilikuwa kwamba umati wa Wazungu wenye hasira umeelezwa kwa ukali na mwisho wa hadithi hauna faraja ya kutosha. Niliposoma habari ile nilikuwa nimeshaanza kuvichoka vitabu vyenye faraja nyingi: ukurasa wa mwisho watoto wa rangi zote wameshikana mikono wanazunguka dunia, jua linacheka. Huwa naupita haraka. Binti ameshagundua, sasa anaupita mwenyewe.

Ila nisiwe mkorofi kupita kiasi, kwa sababu kuwepo tu kwa meza ile ya Februari kuna historia yake. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu Mzungu, alichapisha hesabu aliyoifanya: kati ya vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa Marekani kwa miaka mitatu, vyenye hata mtu mmoja Mweusi vilikuwa 349 tu. Katika muda uleule ambao King anahutubia watu robo milioni Washington, mtoto Mweusi alifungua kitabu asijione. Na walipoanza kujichora wenyewe, baadhi yao walikuja kuchota kwetu. Tom Feelings ndiye mchoraji wa kwanza Mmarekani Mweusi kupata heshima ya Caldecott, ile ya vitabu vya picha, na aliipata kwa kitabu cha mwaka 1971 cha kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kiswahili. Aliyekiandika ni mkewe Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda. Moja, mbili, tatu, ndani ya tuzo ya Kimarekani! Niliposimulia hili mezani, Mama aliuliza tu kama walifika kumi bila kukosea.

Nikamwambia na la Bob Moses, mmoja wa viongozi wa kuandikisha wapiga kura Weusi Mississippi mwaka 1964, kwamba baadaye alihamia Tanzania na miaka ya 1970 alifundisha hisabati Same. Same ya Mama. Yeye akanitazama kama nimemficha ndugu.

"Alikuwa akikaa kwa nani?"

Kitabu kilichomshika zaidi kilikuwa cha Georgia Gilmore, na hicho alidai kisomwe usiku tatu mfululizo. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo pale Montgomery, na wenzake walikesha wakichapa maelfu ya vipeperushi usiku aliokamatwa Rosa, na watu wakayasusia mabasi siku 381. Hapo mtu anajiuliza, walikwendaje kazini? Kwa miguu, na kwa magari ya kujitolea yaliyozunguka mji yakibeba watu. Magari yanakunywa mafuta. Georgia alikuwa mpishi kwenye hoteli ya chakula. Mwaka 1956 alisimama mahakamani kwenye kesi ya King, kiongozi wa mgomo ule, akaeleza alivyotendewa kwenye basi, na kazi ikaisha. Akaanza kupika nyumbani kwake. Yeye na wanawake wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki na pai za viazi vitamu, wakauza kwenye saluni, mlango kwa mlango, hata kwa Wazungu, na fedha zikapelekwa kwenye mkutano wa harakati. Wakajiita klabu ya kutoka popote pasipojulikana. Mtu akiulizwa fedha zimetoka wapi, jibu halina jina la kumfukuzisha mtu kazi.

"Huyo mama ntilie," Mama akasema, na akakaa wima. Yeye ni mweka hazina wa kikoba chao, miaka kumi na moja sasa, sanduku lenye kufuli tatu. "Fedha alizitunza wapi? Nani alishika ufunguo? Uliza hicho kitabu."

Kitabu hakikusema. Kilikuwa na picha nzuri ya unga umemwagika.

Usiku ule, mtoto ameshalala, Mama alianza kuzungumzia 1955 ya kwetu. Alikuwa mtoto, mengi ameyapata kwa wakubwa. Mwaka uleule Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama cha Bomba, alikuwa akizunguka Dar es Salaam, kutoka kikundi cha ngoma hadi kikundi cha ngoma, kuwaingiza wanawake TANU. Wapika maandazi, wapika pombe, waimbaji. Shule zetu nazo zilikuwa tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, mpaka zilipounganishwa kwa sheria baada ya Uhuru, kuanzia 1962. Mama alisoma ile ya tatu, miaka minne, kalamu moja watoto wawili. Nikamuuliza kama amewahi kuona kitabu cha picha cha Bibi Titi, cha mtoto wa miaka sita, chenye jalada gumu na rangi. Mimi sijawahi kukishika.

"Mimi nimemwona mwenyewe Bibi Titi," akasema. "Kitabu cha nini?"

Kifo cha King ndicho kilichotushinda kidogo. Kitabu kilitoka kwenye hotuba, ukageuza, ukakuta dirisha la kanisa na mishumaa. Binti akauliza amekwenda wapi. Nikaanza kuzungukazunguka, Mama akanikatisha: "Mwambie ameuawa. Watoto hufiwa." Nikamwambia. Ilikuwa Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, alikokuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa ndani ya gari la taka. Waliandamana na mabango yenye maneno manne ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili niliyasoma: Mimi ni mtu. Binti akasema lakini hilo si kila mtu anajua? Sikuwa na mito ya kupanga.

Wiki ya mwisho kabla Mama hajarudi tuliendesha gari kama saa tatu hadi Dearborn, Michigan. Basi lenyewe lipo pale, namba 2857, ndani ya jumba la makumbusho la Henry Ford. Lilikaa miaka shambani Alabama, mtu analitumia kama stoo, hadi jumba lile lilipolinunua mwaka 2001 kwa dola 492,000 na kulirudishia rangi zake za kijani, nyeupe na njano. Wanakuruhusu kupanda. Unaruhusiwa hata kukaa.

Mama alipanda taratibu, mkono kwenye chuma, akasimama kwanza pale penye sanduku la nauli akatazama ndani kama anayetafuta kondakta. Alishangaa udogo wake. Binti alikuwa ameshakimbia mbele, ameipata siti, ameketi upande wa njia, miguu haifiki chini. Nyuma yetu kulikuwa na familia nyingine inasubiri, na baba yao ameshatoa simu ya kupiga picha.

Binti akamwona bibi yake amesimama. Akashuka kwenye siti pale pale, haraka, kama nilivyomfundisha.

"Bibi, kaa."

Mama akaangalia siti, akamwangalia mjukuu, akaziangalia zile nafasi nne za safu nzima.

"Rudi ukae," akasema. "Sogea dirishani, mke mwenzangu. Tunatosha."